Chungu Kisichoguswa

Kijiko cha mbao kilikuwa kikavu. Odette Pelkey alikuwa akikitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi wa wakulima wa Corbin Falls, akijifanya anakunja vitambaa vya meza, na kila alipoinua uso alikikuta vilevile: kimelala juu ya mfuniko wa chungu chake cha chuma, safi, bila alama ya mchuzi. Kushoto kwa chungu, pai za maboga zilikuwa zimebaki makombo. Kulia, saladi ya viazi ya Verna Tibbetts ilikuwa imekombwa hadi bakuli likaonyesha maua yaliyochorwa chini yake. Chungu cha maharage cha Odette, ambacho miaka yote ya ndoa yake kilikuwa cha kwanza kwisha katika karamu ya mavuno, kilisimama katikati ya meza kama mgeni aliyekosa wa kumsalimu.

Watu hawakukipita kwa ufidhuli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Walikipita kwa adabu. Walipofika mbele yake walikumbuka ghafla jambo la kumwambia aliye nyuma yao, wakageuza shingo, wakasogea, kisha wakaendelea kupakua. Walikuwa wale wale waliokesha zizini kwake ng'ombe walipozaa kwa shida, na ambao Royce, mumewe, aliwaondolea theluji milangoni kabla hawajaamka.

Verna alipita karibu, mjukuu wake amempakata nyongani.

"Shoga, mbona umejitenga leo?"

"Sijajitenga. Mtoto amekula?"

"Kashiba huyo, mtazame tumbo."

"Maharage hajapata. Mwaka jana alililia sahani ya pili."

Verna akamhamishia mtoto nyonga nyingine. "Tumbo lake siku hizi halieleweki, Odette. Unawajua watoto."

Odette akateremsha sauti. "Nimepikia maji ya dukani, Verna. Maharage ya dukani, chumvi ya dukani. Hata shimoni juu ya makaa sikukizika, kama desturi yetu. Nimekioka jikoni kama watu wa mjini."

"Mimi sijasema kitu."

"Najua hujasema."

Na kweli, tangu majira ya kuchipua hakuna aliyesema kitu. Maofisa wa jimbo walikuja wakachota maziwa kwenye tangi la Pelkey, wakachota maji kisimani, wakarudi na barua iliyosema maziwa yamwagwe. Ndani ya maziwa mlikuwa na kemikali isiyooza wala kuyeyuka, iliyotoka katika tope la kiwanda cha karatasi ambalo wakulima walipewa zamani kuwa mbolea. Ng'ombe wakapigwa risasi wote, wakafukiwa. Gazeti likataja shamba moja tu, la Pelkey, na bonde zima likashusha pumzi kwamba maradhi yamejulikana yanapokaa.

Galen Whitcomb alichelewa, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alikuwa mbunge wao wa jimbo tangu Odette akiwa mama mdogo, na siku za kawaida aliuza bima katika ofisi iliyo karibu na posta. Alizunguka akipeana mikono, chupa yake ya chai kwapani, maana kahawa ya ukumbini hakuinywa. Alikuwa akisema daktari amemkataza, inampandishia moyo. Alipofika kwenye maharage alisimama, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Akagonga mfuniko kwa ukucha.

"Odette, hiki chungu kinanitazama vibaya," akasema kwa sauti ya kusikika. "Nikila nisiamke kesho, mpigieni kura mke wangu."

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kile cha mtu aliyefunguliwa mkanda uliokuwa unambana. Royce, aliyekuwa ameketi pembeni, alitazama viatu vyake. Na Odette akakumbuka kwamba mtu huyu huyu ndiye aliyesimama kwenye jukwaa la ukumbi huu huu, kijana mwenye suti mpya, akawaambia wakulima kwamba tope lile ni neema ya bure na limeidhinishwa na jimbo, na kwamba mjinga pekee ndiye atakayelikataa.

Alikipakata chungu njia nzima ya kurudi nyumbani, kimejaa, kizito, bado kina joto.

"Labda hawakuwa na njaa," Royce alisema, macho barabarani.

"Walikula pai hadi wakalamba vidole, Royce."

Walipofika Royce alichukua sahani, akapakua, akala amesimama kando ya jiko, kijiko baada ya kijiko, bila kuonja, kama mtu anayelipa kitu.

*

Jumatatu Odette alikwenda ofisini kwa Galen. Hakumpigia simu kwanza, kwa kuwa alijua angeambiwa yuko safarini.

"Kaa, Odette. Ile ya juzi ilikuwa utani tu, usiiweke moyoni."

"Nitasimama. Nimekuja kwa jambo moja. Visima vipimwe, vya kila shamba lililopata lile tope."

"Nani kakwambia yapo mengine?"

"Galen. Nilikuwepo uliposimama jukwaani. Nilikuwa nagawa biskuti."

Galen akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Nilisema nilichoambiwa niseme na watu wanaoijua kemia. Sasa nisikilize kama jirani. Ukipima, utapata. Ukipata, kiwanda cha maziwa kitakataa maziwa ya bonde zima, si yenu tu. Nyumba zitapoteza thamani. Vijana watahama. Leo hii shida iko nyumba moja. Unataka iwe ya kila mtu?"

"Iko kwa kila mtu tayari. Hawajaambiwa tu."

"Basi waache walale."

"Na watoto wanaokunywa?"

"Watoto wamekunywa miaka yote, na timu yao ya mpira imeshinda." Akatabasamu, kisha akaona Odette hatabasamu, akaacha. "Mswada wa kupima uliletwa bungeni. Mimi ndiye niliyeufukia kwenye kamati. Siku moja mtanishukuru."

Odette alihisi masikio yanapata moto. Alikuwa mwanamke aliyelelewa kutowapandishia sauti wakubwa, mpishi wa shule ya msingi, aliyezoea kuwaambia watoto mia wakae kimya bila kugombeza. Ghadhabu ilikuwa kwake kitu cha kigeni. Aliishika kama anayeshika chombo cha mwenzake, akiogopa kukiangusha.

"Uliufukia kwa idhini ya nani?"

"Kwa idhini ya waliopiga kura. Hukuridhika, gombea." Akainuka, akaenda pembeni, ambako chupa kubwa ya maji ya kununua ilikuwa imepinduliwa juu ya kifaa chake, akamjazia kikombe cha karatasi. "Kunywa maji, upoe."

Odette aliitazama ile chupa ikitoa povu lake polepole. "Kisima chako kimefanya nini?"

"Kina ladha ya chuma. Mke wangu haipendi."

Odette akakiweka kikombe mezani bila kunywa, akatoka.

*

Alimkuta Royce zizini. Huko ndiko alikokuwa akishinda, akiosha mashine za kukamulia ambazo hazikuwa na chuchu za kukamua, akizipanga, akizipangua.

"Nitagombea kiti cha Galen," Odette akasema.

"Gombea kitu kingine. Gombea kuuza mayai."

"Sitanii."

"Na mimi naona hutanii, ndiyo maana nakuomba." Akafunga bomba. "Wewe si mtu wa maneno. Watakusimamisha ukumbini, watakuuliza kwa nini unagombea. Utasema nini?"

"Nitasema habari ya tope. Kwamba halikumwagwa kwetu peke yetu."

"Na watauliza, nani aliyelimwaga?"

Odette alikuwa ameanza kujibu, kisha akaliona jibu limesimama mbele yake na kitambaa mkononi.

"Bonde hili lilikuwa na trela moja la kusambazia samadi," Royce akasema. "Unamjua mwenyewe. Baba yake Verna alikuwa na mguu mbovu, nikamsambazia. Mjane Dutton hakuwa na mtu, nikamsambazia. Pale walipokwenda wanaume vitani, nikawasambazia wake zao. Sikuchukua senti. Walinipa nyasi kavu, walinipa pai, mmoja alinipa mbwa. Nilikuwa naona raha, Odette. Nilirudi nanuka, nikijiona mtu mwema kuliko wote Corbin Falls. Mimi ndiye niliyewapelekea kile kitu mpaka mlangoni, na walinipungia mkono nikiondoka."

"Hukujua."

"Ardhi haiulizi kama nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanifulia nguo. Nilidhani unajua."

Alikuwa anajua, kwa namna mtu anavyojua jambo ambalo hajalitazama. Ile harufu ya kijivu kwenye mashati. Mchanga uliobaki chini ya ndoo. Hasira yake, iliyokuwa na mahali pa kwenda tangu asubuhi, ilizunguka zizi lote ikitafuta pa kutua, isipate.

"Sitalitaja jina lako," akasema.

"Basi usigombee. Bila jina langu huna la kusema. Utasema mashamba mengine, watasema yapi? Utasema fulani, watasema nani kakwambia?" Akaanika kitambaa ukingoni mwa ndoo, akakinyoosha pembe zake kwa uangalifu usio na sababu. "Nimebakiwa na kitu kimoja hapa duniani. Nikipita njiani, watu wananionea huruma. Si kikubwa. Lakini usinivue."

*

Alichukua fomu hata hivyo. Ugombea wa jimbo hutaka sahihi za majirani, na majirani wa Corbin Falls hupatikana Jumamosi jalalani, wakija kutupa taka zao. Ndiko kila mgombea alikosimama tangu zamani, na ndiko alikosimama Odette, baridi ikimkata masikio, ubao wa kuandikia kifuani na kalamu imefungwa kwa uzi.

Walitia sahihi. Hawakuwa watu wabaya. Ila mmoja baada ya mwingine alipapasa mfukoni mwake, akatoa kalamu yake mwenyewe. Wasiokuwa na kalamu walivaa glavu kwanza. Kalamu ya Odette ilining'inia kwenye uzi karibu asubuhi nzima, ikigongagonga ubao kwa upepo.

"Natia sahihi upate haki yako ya kushindwa," alisema Asa Grindle, mzee aliyeendesha mikutano ya ukumbini, mcheshi asiyejua kucheka. "Lakini niambie, unagombea kwa ajili ya nini?"

"Barabara, Asa. Na zahanati."

"Hata Galen anasema barabara na zahanati."

"Ndiyo."

"Basi tuna Galen wawili, mmoja kavaa sketi."

Verna alikuja mwisho, gari limejaa magazeti ya zamani. Aliandika jina lake kwa kalamu yake, akalichunguza kama limekaa sawa. "Watu wanasema ni hasira tu, shoga. Wanasema Odette hana sera, ana hasira."

"Wanasema kweli."

"Basi itupe hapa hapa, mahali pake ndipo hapa. Utakonda."

Odette alitazama mikono ya rafiki yake, myekundu kwa baridi, mikono iliyokuwa ikijaza birika kila alfajiri kwenye bomba linalotoka chini ya shamba la baba yake. Neno lilikuwa mdomoni. Aliliona likitoka, akaona na uso wa Royce nyuma yake, akalimeza. Majira yote ya baridi na ya joto alilimeza hivyo, mlango kwa mlango, akizungumzia mashimo ya barabarani na watu wakimsikiliza kwa huruma. Usiku hakuona usingizi kwa fedheha, kwani kila mlango aliotoka bila kusema aliufanya kuwa mlango mmoja zaidi ambao yeye na Galen waliufunga pamoja.

*

Karamu ya mavuno ikarudi, wiki chache kabla ya kura, na kwa desturi wagombea wakapewa nafasi ya kusema kabla ya chakula. Odette aliweka chungu chake mezani mahali pake pa siku zote. Hakujua kwa nini alipika. Labda kwa ukaidi. Kahawa ilikwisha kumiminwa; ukumbi mzima ulikuwa na vikombe mikononi, na mvuke ukipanda.

Galen alisema kwanza, vizuri, chupa yake ya chai mbele yake juu ya meza, mfuniko wazi, ikinukia kahawa. Alisema bonde hili limepitia majaribu, na familia moja hasa imeonja uchungu, na tuiombee. Akasema wako watu wanaotaka kuichimbua huzuni ya nyumba moja waifanye hofu ya mji. Akapigiwa makofi.

"Odette," akasema Asa. "Jibu lilelile uliloninyima jalalani. Kwa nini unagombea?"

Alisimama. Alimwona Verna mstari wa mbele, mjukuu magotini. Alimwona Royce karibu na mlango, kofia mkononi. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa pumzi.

"Barabara," mtu akamnong'onezea jirani yake, na wawili watatu wakacheka kwa upole.

"Mwacheni," Royce akasema.

Hakuwa amezungumza ukumbini humo tangu majira ya kuchipua ya mwaka uliopita. Alikuja hadi katikati, akasimama si mbele ya jukwaa bali mbele ya viti, kama mtu aliyeitwa kizimbani.

"Mke wangu hasemi kwa sababu nilimkataza. Anagombea ili visima vyenu vipimwe. Tope halikuja kwetu tu. Nililisambaza mimi, kwa trela langu, na mikono hii." Akageuka. "Verna, shamba la baba yako, lote, mpaka kisimani. Bi Dutton, malisho yako ya chini. Lester, pale ulipojenga nyumba ya mwanao. Asa, bustani."

"Royce, ndugu yangu, kaa chini," Galen akasema kwa upole. "Umechoka."

"Na la mwisho ni lako, Galen. Shamba la mteremkoni, hapo juu ya ukumbi huu. Ulinipa chupa ya pombe. Kisima cha ukumbi kiko chini yake."

Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja aliteremsha kikombe chake cha kahawa mezani, taratibu, kama anayeogopa kukiamsha. Kisha mwingine. Sauti za vikombe vikitua zilienea ukumbini safu kwa safu hadi nyuma.

"Mimi ulinisambazia msimu uleule nilipokuwa na mimba," Bi Dutton akasema. Hakuwa akimwambia mtu maalumu.

"Ndiyo, mama."

"Nilikupa pai."

"Ya tufaha. Ndiyo."

Lester akasimama, uso umemwiva, ngumi imekunjwa, akamtazama Royce muda mrefu, na Royce akangoja apigwe. Ila Verna ndiye aliyesema, na hakuwa anamtazama Royce.

"Galen. Hiyo kahawa yako unatoka nayo wapi?"

"Nyumbani, Verna. Daktari amenikataza—"

"Kahawa ni kahawa. Daktari kakukataza ya hapa, akakuruhusu ya kwako?"

Macho yote yakaenda kwenye chupa ya chai, ambayo walikuwa wameiona kwapani mwake karamu baada ya karamu wasiione. Galen akaishika, kisha akaiacha, kwa kuwa kuishika kulikuwa kubaya zaidi.

"Nyumbani mnakunywa maji gani?" Odette akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi, nyembamba na kali. "Waambie. Tangu lini mnanunua?"

"Hili si jambo la kulizungumza kwa jazba."

"Basi lizungumze bila jazba. Tangu lini?"

Mkewe Galen, aliyekuwa kiti cha pembeni, aliinama akaanza kufunga mkoba wake.

Verna aliinuka. Alikuwa amebadilika rangi. Alichukua sahani mezani, mjukuu akimfuata ameshika sketi yake. Akaipita saladi yake mwenyewe, akazipita pai, akasimama mbele ya chungu cha chuma.

"Umepikia maji gani, Odette?"

"Ya dukani. Kama nilivyokwambia mwaka jana."

"Uliniambia," Verna akasema. "Mpe mtoto kwanza."

Odette aliteremka jukwaani akaja nyuma ya meza. Alikishika kijiko kwa ghadhabu ambayo haikuwa imepungua hata chembe; ilikuwa tu imepata pa kusimama. Alimjazia mtoto sahani. Alipoinua macho, nyuma ya Verna amesimama Bi Dutton, na nyuma yake Lester, na wengine wakitoka vitini, sahani mkononi, hadi foleni ikafika mlangoni. Hakujidanganya kwamba wamempenda. Walikuwa wameogopa, kama walivyoogopa mwaka jana, ila sasa wanakijua wanachokiogopa. Alipakua bila tabasamu, sahani baada ya sahani, akigonga kijiko ukingoni.

Royce alikuwa bado amesimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi, watu wakimzunguka kwenda kwenye foleni.

"Kaa, Royce," akamwambia.

"Hawajaniambia nikae."

"Mimi ndiye ninayekwambia."

Akaketi. Kiti cha jirani kikabaki kitupu.

Jukwaani Asa Grindle alikuwa amebaki na saa yake mkononi, peke yake na Galen, ambaye alikuwa anavaa koti. Mzee alikohoa, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu.

"Odette, kwa ajili ya kumbukumbu za mkutano. Bado hujajibu kwa nini unagombea."

Odette hakuinua uso kutoka chunguni.

"Chukua sahani, Asa," akasema. "Foleni inaanzia kule nyuma."